Naomba ushauri: goti la mama wa miaka 63 linauma tulipoongeza uzito

Habari za jioni wakuu. Mama ana presha inayodhibitiwa kwa dawa, na daktari ameruhusu mazoezi ya nguvu. Lengo ni ainuke kwenye kigoda bila kushika ukuta na abebe ndoo yake ya maji.

Kwa wiki 8, Jumatatu na Alhamisi, amekuwa akikaa na kusimama kwenye kiti, seti 3 za mara 10, kisha kusukuma ukuta seti 3 za mara 12. Anatoa pumzi akiinuka, maana kuibana hupandisha presha ghafla.

Zoezi la kiti likawa jepesi kwake. Tukampa dumu la maji la lita 5 akumbatie kifuani (dumu lina uzuri wake, lita moja ni kilo moja). Goti la kulia likaanza kuuma, na linaingia ndani, yaani linaelekea goti la pili, anapoanza kuinuka. Tumeweka mto mgumu juu ya kiti asishuke sana. Maumivu yamepungua, hayajaisha.

Je, aache dumu kabisa mpaka goti litulie, au aanze na lita 1 na kupanda taratibu? Na zoezi gani la nyonga, bila vifaa, litazuia goti kuingia ndani?