Maada iliyopotea imeshapatikana, darubini mpya ya urujuanimno ni ya nini?

Kisiki: Wakuu, mwaka 2020 timu ya mwanaastronomia Macquart ilitumia milipuko mifupi ya redio kutoka magalaksi ya mbali, iliyonaswa na darubini ya redio ASKAP kule Australia, hesabu ya maada ya kawaida, yaani ile ya atomu, ikatimia. Iliyokuwa haionekani imo kwenye gesi katikati ya magalaksi. Sasa Marekani inapanga darubini ya angani, Habitable Worlds Observatory, yenye uwezo wa urujuanimno (ultraviolet), na gesi hiyohiyo inatajwa kama sababu mojawapo. Watu wa spektra, yaani mnaochambua mwanga kwa rangi zake, mlikuwa na darubini ya Hubble miaka yote hiyo, mkatoka na nusu hesabu.

BintiSpektra: Nusu hesabu? Kaka, hapo umetukosea. Mwanaastronomia Shull na wenzake mwaka 2012 walibakiza kama asilimia 30 tu ya maada hiyo bila kupatikana. Na mlipuko wa redio unakupa jumla ya elektroni za njia nzima, basi. Joto haukuambii, oksijeni haukuambii. Fungua spektra ya kwasari, kiini king'aavu cha galaksi ya mbali, uone alama ya oksijeni ya gesi iliyo njiani, iliyopoteza elektroni tano: mistari miwili, nanomita 103.2 na 103.8, imesogea pamoja upande wa wekundu, wa kwanza una nguvu maradufu ya wa pili. Ukiiona jozi hiyo huna wasiwasi kwamba ni oksijeni.

Mtafiti_Moro: Jozi sawa, ila joto lake ndilo linalobishaniwa. Inaweza kuwa gesi ya nyuzi laki tatu, inaweza kuwa gesi ya baridi zaidi iliyong'olewa elektroni na mwanga wa kwasari.

BintiSpektra: Ndiyo maana tunapima upana wa mistari. Hidrojeni ni nyepesi mara 16 kuliko oksijeni, kwa hiyo joto likiwa ndilo linalotawala, mstari wake unatanuka mara nne zaidi. Redio haina kipimo hicho.

Mlipakodi: Watu hawana maji, nyie mnapima joto la gesi ya huko!

BintiSpektra: Hela ni za Wamarekani, ndugu yangu. Lakini spektra ziko wazi kwenye hifadhi ya Baltimore, mwanafunzi wa Dodoma anapakua bure kama wa Princeton.

Mlipakodi: Bure kwa bando la nani?

Mtafiti_Moro: Faili la spektra moja ni dogo kuliko video unazotumiwa kwenye magrupu. Tusiwafunge vijana wetu kwa hoja ya bando.

Mlipakodi: Usinijibu kama mtoto. Nina vijana wawili chuoni, najua wanalipia nini kila wiki.

Kisiki: Mmeshahamia kwenye bando. Swali langu ni darubini.

Mtafiti_Moro: Angahewa inazuia urujuanimno huo, ardhini hauonekani kabisa. FUSE, darubini ya angani ya urujuanimno, ilikufa 2007. Kifaa cha COS cha kupima spektra za urujuanimno kilifungwa kwenye Hubble Mei 2009, na tangu hapo hakuna wanaanga waliokwenda kuihudumia. Ikizimika, nani atapima?

Kisiki: Basi semeni mnataka joto, msiseme mnatafuta maada iliyopotea. Hayo ni maombi mawili tofauti.

Mlipakodi: Weka hapa hatua za kupakua, niwatumie vijana.