Papa kameza ndoana, nimemrudisha majini akageuka tumbo juu. Nilikosea wapi?

Mshipi_Mwembamba

Wakuu habari zenu. Nina jambo linaninyima raha tangu juzi usiku, naomba wazoefu mnisaidie.

Navua ufukweni kwa kujifurahisha tu, na samaki karibu wote nawarudisha. Juzi niliweka kipande kikubwa cha samaki kwenye ndoana ya kawaida, nikausimika ufito kwenye kishikio, nikaenda kukaa. Ghafla rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, ikaanza kulia. Nilivutana naye kama dakika arobaini maana mshipi wangu ni mwembamba. Alipoingia kwenye povu ndipo nikaona ni papa, mrefu kama mita moja na robo.

Nikamshika mkia, nikamburuta hadi mchanga mkavu. Ndoana ilikuwa imeshuka kooni, haionekani. Koleo iko chini kabisa ya begi. Nikaifuata, nikarudi, nikachokonoa, mwenzangu akapiga picha mbili tatu. Nadhani alikaa nje dakika sita. Mwisho nikakata mshipi, nikamsukuma majini. Akaenda kidogo, akageuka tumbo juu, wimbi likamrudisha mpaka miguuni kwangu. Nikamsukuma tena, akarudi tena. Mara ya tatu hakurudi, na sijui kama alikwenda akiwa hai.

Sikutaka afe. Nifanye nini nikimpata mwingine?

Chubwi

Pole sana ndugu yangu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hilo la kurudi miguuni limenipata na mimi, na baada yake sikutupa chambo kikubwa kwa mwaka mzima.

Kilichomwangusha zaidi ni hizo dakika arobaini. Papa akipambana muda mrefu, damu yake inajaa asidi inayotoka kwenye misuli, na anaweza kuondoka akiogelea vizuri tu halafu akafa saa kadhaa baadaye, wewe umeshalala. Maji yakiwa ya joto ni mabaya zaidi kwa sababu hewa ndani yake ni kidogo. Kwa hiyo kama unajua papa wapo mahali unapovua, acha mshipi mwembamba. Chukua mshipi mzito na rili yenye breki ya kutosha, umlete upesi. Kuna watu husifia mshipi mwembamba eti ndio ufundi. Kwa samaki mwingine sawa, kwa papa naukataa.

La pili ni mchanga mkavu. Papa hana mbavu za kukinga tumbo, na mifupa yake yote ni gegedu. Ndani ana ini kubwa sana, na kinachobeba uzito wote huo ni maji. Ukimtoa, tumbo linalala juu ya viungo vyake mwenyewe. Ukimning'iniza kwa mkia, unamvuta uti wa mgongo. Na matamvua yakitoka majini hushikana kama nywele zilizolowa, hewa haipiti. Mwache kwenye maji yanayofika magotini kwako, matamvua yazame. Hata picha piga hapo hapo.

Sasa ndoana. Tumia ya duara, ile ambayo ncha imegeukia ndani. Papa akimeza chambo na kuanza kuondoka, ndoana inateleza kutoka kooni mpaka inanasa pembeni ya taya. Ila usiupige ufito kwa nguvu kama ulivyozoea, utaing'oa. Acha mshipi ukaze wenyewe, kisha anza kuzungusha. Ufito ukae mkononi, si kwenye kishikio wewe uko kwenye kiti, maana muda huo ndio anaomeza. Ule mwiba mdogo wa nyuma unaozuia ndoana isichomoke, ulaze kwa koleo. Nilipoanza kuulaza niliogopa nitapoteza samaki wote. Mshipi ukikaa umekaza hawatoki.

Mbele ya ndoana weka waya, maana meno yatakata nailoni. Nusu mita hivi inatosha kwa mdomo. Baada ya waya unganisha nailoni nene iliyo ndefu kuliko papa mwenyewe, kwa sababu ngozi yake ni msasa na mkia wake unapiga mshipi kila anapogeuka.

Na koleo ya kukatia waya iwe kiunoni kwako, imefungwa kamba, si kwenye begi. Hizo dakika sita zako, sehemu kubwa ulikuwa unatafuta koleo.

Sefu wa Miamba

Naongezea hapo. Ukimgeuza papa tumbo juu anatulia kabisa kama amelala. Fanya hivyo utoe ndoana taratibu.

Chubwi

Sefu, ni kweli anatulia, nimeliona. Lakini kutulia si kupumzika. Watafiti huwageuza kwenye maji tulivu wakiwa watu kadhaa. Sisi tuko kwenye mawimbi, usiku, peke yetu, na ili umgeuze lazima mkono upite karibu na mdomo. Halafu anazinduka bila kukupa taarifa. Huyu wa mwenzetu alikuwa hoi tayari, hakuhitaji kugeuzwa, alihitaji maji yapite mdomoni.

Wadogo nao msiwadharau. Mkono wangu wa kulia una mshono wa nyuzi kumi na moja, na aliyenifanyia hivyo hakufika urefu wa mkono huo. Nilimshika mkia tu, nikamwinua niwaonyeshe wenzangu. Mwili wa papa unakunjika kama mkanda. Aligeuza kichwa mpaka kikafika kwenye mkia wake mwenyewe, na hapo palikuwa na mkono wangu. Sikuhisi maumivu kwanza, nilihisi kitu kizito kimenishika. Kosa lililofuata ni langu pia: niliuvuta mkono, meno yakachana nyama.

Tangu hapo mdogo namshika kwa mikono miwili, mmoja nyuma tu ya kichwa na mwingine kwenye shina la mkia. Matamvua siyagusi. Aina nyingine zina miiba mbele ya mapezi ya mgongoni, angalia kabla hujashika. Mkubwa simshiki kabisa, nakata waya basi.

Dada Nahodha

Mimi huvua kwenye boti. Papa simwingizi ndani. Anakaa ubavuni, kichwa ndani ya maji, boti inasogea mbele polepole ili maji yaingie mdomoni, tunakata. Kumvuta kinyumenyume ni kumnyima pumzi.

Jambo moja naomba lichukuliwe kwa uzito. Papa nyundo havumilii kama wengine, anachoka haraka na hufa hata ukimwachia upesi. Yule mkubwa wa aina hiyo, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wamemweka tangu 2019 katika kundi la walio hatarini zaidi kutoweka. Nikiona tu kichwa kile, nakata hapo hapo, sisubiri afike. Na jike mwenye mimba akisumbuliwa anaweza kuwatupa watoto kabla ya wakati. Nimewaona wawili wakidondoka ubavuni mwa boti, weupe tumboni, warefu kama kiganja. Siku ile tulikunja mishipi tukarudi. Halafu kila mtu aulize sheria ya mahali anapovua, aina nyingine haziruhusiwi hata kutolewa majini.

Mshipi_Mwembamba

Asanteni sana. Chubwi, nikimwachia na ndoana kooni, si nitakuwa nimemuua tu?

Chubwi

Ana nafasi nzuri zaidi kuliko ukichokonoa. Moyo wa papa uko mbele sana, chini ya koo, jirani na matamvua, na wewe gizani huoni unachochoma. Kata waya karibu na mdomo kadiri unavyoweza bila kuhatarisha vidole. Ndiyo maana ndoana iwe ya chuma cha kawaida kinacholiwa na kutu. Kile kisichoshika kutu kitakaa naye.

Na akiwa amechoka usimsukume tu. Mshike akiwa ameelekea kwenye mawimbi, maji yampitie, mpaka mkia uanze kupiga wenyewe. Ukiona amekaza mwili, achia na urudi nyuma hapo hapo.

Mshipi_Mwembamba

Wakuu, narudi na habari. Jana usiku nimempata mwingine, mdogo kidogo kuliko yule. Mshipi mzito, ndoana ya duara. Dakika tisa. Ndoana ilikuwa pembeni ya taya, naiona kwa taa. Nilisimama maji ya magoti, nikashika waya, nikageuza ndoana kwa koleo, ikatoka mara moja kwa sababu mwiba niliulaza. Wakati nainama, jicho lake lilifunikwa na utando mweupe kutoka chini, kisha likafunguka tena. Mkia ukanipiga paja, akaenda.

Chubwi

Umenifurahisha sana. Dakika tisa bado zinaweza kupungua. Breki ya rili uliikaza kiasi gani?