MJADALA: Mwanafunzi kakopi bila kujua kuwa ni kosa, adhabu kwanza au darasa kwanza?

Mleta mada:
Wadau habari za mda huu. Kila msimu wa kukusanya tasnifu wimbo ni ule ule, wanafunzi wanaitwa kamati ya nidhamu, wengine wanafutiwa kozi, wengine wanadisko (wanafukuzwa chuo) kabisa, kisa wizi wa kitaaluma. Mimi nasema wengi wao hatujawahi kuwafundisha. Tunawapa semina ya saa moja wiki ya kwanza, ukumbi umejaa, mtu kichwani anawaza atalala wapi, slaidi imeandikwa "usikopi kazi ya mtu", wanasaini fomu, imeisha hiyo. Miaka mitatu baadae tunawashangaa.

Cheki mfano huu. Chanzo kinasema: "Misitu ya mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi na kuzuia mmomonyoko wa fukwe." Mwanafunzi anaandika: "Misitu ya mikoko hushusha kasi ya mawimbi na kuepusha mmomonyoko wa pwani." Kabadilisha maneno manne, mifupa ya sentensi ni ile ile, chanzo hajataja, na ukimuuliza anakuapia kwamba kaandika kwa maneno yake, na wala hadanganyi, ndo alivyozoeshwa tangu shule, badilisha badilisha maneno basi. Rebecca Moore Howard, mtafiti wa uandishi wa Marekani, aliufananisha uandishi huu na kushona viraka, akasema mara nyingi ni hatua ya mtu anayejifunza, sio lazima awe na nia ya kuiba.

Sasa nani aliwahi kukaa na huyu dogo akamwambia soma, funga kitabu, kisha andika ulichoelewa? Angetoka na kitu kama: "Pwani yenye mikoko hailiwi na bahari haraka kwa sababu wimbi linafika ufukweni limeshachoka", halafu anamtaja mwenye wazo na mwaka, maana maneno ni yake ila wazo sio lake. Hapo ndo wengi wanapotea, wanajua ukishabadilisha maneno umemalizana na chanzo.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu unatetea wezi. Mimi nafundisha chuo, naijua michezo yao. Huyo "asiyejua" mbona akikopi anafuta jina la mwenye kazi? Na hao wakubwa je? Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, 2011 kavuliwa udaktari wake akajiuzulu. Pál Schmitt, rais wa Hungaria, 2012 nae kaachia ngazi kwa hayo hayo. Nao walikosa semina?

Mleta mada:
Mwalimu, sijasema wasiadhibiwe. Anayebeba kurasa na kurasa au kununua tasnifu nzima huyo mpeleke kamati hata leo. Ila umenisaidia kwa Schmitt, maana yeye sehemu kubwa ya kazi ilionekana ni tafsiri ya kazi ya mtu mwingine. Waulize wanafunzi wako kama kutafsiri makala ya Kiingereza kuja Kiswahili bila kumtaja mwandishi ni kosa, uone wangapi watakwambia "si nimetafsiri mwenyewe?"

Mchangiaji wa 2:
Naongea kama muhanga. Ripoti yangu ya Turnitin, ile programu inayopima kazi yako imefanana kiasi gani na vyanzo vingine, ilitoka 31%, msimamizi hata hakuifungua, kaniambia shusha ifike chini ya 20 ndo uje. Nikafungua mwenyewe, rangi za kuonyesha palipofanana nyingi ziko kwenye marejeo, nukuu nilizoweka alama vizuri kabisa, na dodoso nililopewa ruhusa kulitumia. Kumbe mpangilio unaruhusu kuondoa marejeo na nukuu kwenye hesabu, na wenyewe Turnitin wanasema ile namba inaonyesha kufanana tu, sio hukumu ya wizi. Sikujua. Nikaingia kwenye kubadilisha maneno usiku kucha, "sampuli nasibu", istilahi kabisa ya utafiti, nikaiandika "kielelezo cha bahati" 😂 ikafika 14, nikapita. Na niseme ukweli kwa vile hamnijui, kulikuwa na aya nzima nimeitoa kwenye kitabu cha zamani cha karatasi, haikuwaka hata rangi. Yaani nilisumbuliwa kwa nilichofanya sawa, nikapita na nilichokosea.

Mchangiaji wa 3:
Hapo kwenye kielelezo cha bahati nimecheka 😂😂. Mnajadili ya jana nyie, sa hivi dogo anaiambia akili bandia imwandikie, mchezo umeisha. Turnitin waliweka kipimo cha kukamata hiyo Aprili 2023, na Agosti mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Vanderbilt wakakizima kwa wasiwasi wa kusingizia watu. Ushauri wangu kwa wanafunzi, tunza rasimu zako zote na notsi, siku ukiitwa uwe na cha kuonyesha.

Mchangiaji wa 1:
Huyo wa 2 angekuwa kwangu ningemrudisha kwa ile aya. Ila hilo la msimamizi kutofungua ripoti nalikubali, tunalifanya, tena sana, namba inarahisisha kazi. Lakini nieleweni na mimi, darasa lina watu 300, hiyo ya kukaa na mmoja mmoja tunaifanya lini?

Mleta mada:
Sio mmoja mmoja mkuu. Asaimenti ya kwanza iwe aya moja tu, na nakala ya ukurasa aliosoma imebanwa nyuma. Wabadilishane wenyewe kwa wenyewe, kila mtu apige mstari palipofanana na chanzo, dakika 20 zinatosha. Maksi usiweke, waachie wakosee mapema kabla kosa halijawa na bei.

Mchangiaji wa 1:
Wiki ya 3 nina kipindi kiko wazi. Nitawapa hiyo sentensi yako ya mikoko nione. Ila wiki ya 10 asije mtu kulia ofisini kwangu.