Ushauri: Nataka kumpeleka mama Nafplio (Ugiriki) pamoja na wajukuu zake, ufukwe upi utatufaa?

Mama Nuru (mleta mada)

Habari za jioni wana jamvi.

Naishi Bremen, Ujerumani, na familia yangu. Mama amekuja kutoka Tanga kututembelea, na viza yake inamruhusu kukaa mpaka mwisho wa Agosti. Tangu afike anaulizia bahari. Tulimpeleka Bahari ya Kaskazini, tukakuta maji yamekupwa, tope tupu mpaka macho yanapoishia, na upepo wa baridi unapiga. Alibaki garini na shuka mabegani. Iliniuma sana, maana huyu ni mtu aliyezaliwa hatua chache kutoka pwani.

Mume wangu amependekeza Nafplio, mji mdogo wa pwani kule Peloponnese. Sababu yake ni kwamba unafikika kwa basi kutoka Athens, na sisi hatutaendesha gari. Picha nimeziona: ngome, vichochoro, maua ya bougainvillea yanayoning'inia kwenye roshani. Lakini ufukwe wenyewe siuoni vizuri. Je, una mchanga? Mama goti linamsumbua, ngazi haziwezi. Haogelei, anapenda kuingia maji ya kiunoni akae humo atulie. Watoto ni wa miaka tisa na minne. Tunafikiria wiki moja mwezi wa Julai. Waliowahi kufika naomba mnisaidie kabla sijalipia chochote.

Mbongo wa Kypseli

Karibu sana dada, na bi mkubwa msalimie.

Mimi nipo Athens, na Nafplio ndiko watu wa huku tunakokimbilia mwisho wa wiki. Kwa hiyo jambo la kwanza: fikeni Jumatatu, ondokeni Ijumaa kama ratiba inaruhusu. Ijumaa jioni mji unafurika na vyumba vinapanda bei.

Ufukwe wa mjini unaitwa Arvanitia. Uko chini ya mwamba, mahali pazuri kwa macho, lakini chini ni kokoto, na sehemu kubwa ni sakafu ya zege yenye ngazi za chuma za kushukia moja kwa moja kwenye kina. Kwa kijana anayejua kuogelea ni raha. Kwa mama mwenye goti, usimpeleke.

Kinachokufaa ni Karathona. Ni ghuba ya mchanga, ndefu, nyuma yake kuna mikalitusi inayotoa kivuli, na maji yake ni mafupi, unatembea mbali kabla hayajafika kifuani. Kutoka Arvanitia kuna njia ya miguu ya kama kilomita tatu kando ya bahari, haipiti magari. Wewe na mumeo mwende alfajiri mkiweza, mtaifurahia. Mama na watoto wapande teksi, barabara inazunguka nyuma ya mlima wa ngome na si mbali.

Usafiri: uwanja wa ndege wa Athens panda basi X93 mpaka kituo kikuu cha Kifissos, hapo kuna mabasi ya KTEL, yaani ya mikoani, ya kwenda Nafplio. Ni safari ya saa mbili na ushee. Mtavuka mfereji wa Korintho, uliofunguliwa 1893. Waambie watoto wakae tayari dirishani, maana unapita ghafla, kama ufa uliochongwa kwa kisu.

Baharia Mstaafu

Mwanangu, nimefanya kazi melini na Piraeus nimeingia sana, kwa hiyo mimi nitasema habari ya maji tu.

Bahari ile karibu haijai wala haikupwi. Tofauti ni sentimita chache, huwezi kuiona. Hakuna bamvua, hakuna kungoja maji. Mama akiingia asubuhi au jioni atayakuta palepale, na hilo litamfurahisha baada ya yale ya Bahari ya Kaskazini. Pili, maji yake yana chumvi kuliko ya kwetu, mtu anaelea kwa wepesi. Ila joto la maji ya Tanga asilitarajie. Julai ni kama nyuzi 24 au 25. Atashtuka akiingia, kisha mwili utazoea.

Upepo: visiwa vya Aegean mwezi wa Julai na Agosti vinapigwa na meltemi, upepo mkali wa kaskazini unaoweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Ghuba ya Argos imejificha zaidi. Mchana upepo wa baharini huingia na kuchafua maji kidogo, jioni unatulia. Kwa hiyo mzee aoge asubuhi. Mwamba wowote wenye maji safi una wale wadudu wa miba mieusi, wanunulieni watoto viatu vya majini.

Zuwena wa Muscat

Mimi napingana kidogo na kaka wa Kypseli. Kama shida ni bahari, kwa nini mlale mjini halafu kila siku mlipe teksi? Laleni Tolo. Ni kama kilomita kumi na mbili kutoka Nafplio. Hoteli nyingi zimejengwa mchangani kabisa, unafungua mlango wa uani unakanyaga ufukwe. Tulikwenda na mama mkwe wangu ambaye naye hawezi kutembea mbali. Asubuhi anatoka na kikombe chake cha chai anakaa mchangani, sisi bado tumelala. Akichoka anarudi chumbani mwenyewe, hamngoji mtu. Uhuru huo kwa mtu mzima ni mkubwa kuliko ngome yoyote.

Maji ni mafupi na mbele kuna visiwa vidogo vinavyokinga mawimbi. Kasoro yake ni kwamba mchanga ni mwembamba, na Agosti watu wanabanana.

Mbongo wa Kypseli

Dada Zuwena, hoja ya kutoka mwenyewe naikubali. Ila Tolo jioni ni mikahawa ya watalii basi. Nafplio jioni mji mzima unatoka. Wazee, watoto, mabibi wanatembea kando ya bandari, pako tambarare, viti vipo, na katikati ya maji imesimama ile ngome ndogo ya Bourtzi. Mtu wa Tanga ataijua raha ya kukaa baharini jioni na kutazama watu. Na kuna makumbusho ya tasbihi, zile za kombolói ambazo wazee wa Kigiriki huzichezesha vidoleni kupitisha muda. Mama atasimama hapo.

La muhimu kabisa dada: mji wa kale umepanda mlimani, na vyumba vingi vinavyovutia kwenye picha vinafikiwa kwa ngazi za mawe, halafu ndani ngazi tena, lifti hakuna. Ukiona wamesifia mandhari ya bahari kutoka juu, waandikie uwaulize idadi ya ngazi kutoka barabarani mpaka kitandani. Tafuteni mitaa ya chini karibu na bandari, au mji mpya. Kule juu Palamidi, ngome ya Waveneti, watu husema ina ngazi 999. Msizipande, teksi inafika mpaka getini.

Mama Nuru (mleta mada)

Mungu awabariki. Hili la ngazi nisingelijua, fleti niliyokuwa nimeichagua iko hukohuko juu.

Nina mengine. Mama anaingia baharini na deera lake na mtandio, atasumbuliwa? Na chakula, hatuli nguruwe. Halafu kuna ada wanayodai mtu akifika, ni halali?

Zuwena wa Muscat

Mavazi usiwe na wasiwasi, mimi naoga na nguo kamili na hakuna aliyenisemesha. Mabibi wa Kigiriki wenyewe huingia na kofia zao wakasimama majini wanapiga soga saa nzima.

Chakula: gyros (nyama ya kukatwa vipande ndani ya mkate) na souvlaki (mishikaki) za mtaani mara nyingi ni nguruwe, msichukue bila kuuliza. Hirino ndiyo nguruwe, kotopoulo ni kuku. Kama mnataka nyama iliyochinjwa kwa kisheria, kaeni kwenye samaki. Samaki wakubwa huuzwa kwa kilo, kwa hiyo mwambie akupimie mbele yako na akutajie bei kabla ya kumtia motoni. Dagaa na simu wa kukaanga ni bei nafuu, na pweza wa kuchoma mama atampenda. Menyuni ukiona kinyota kando ya jina, ujue alitoka kwenye friza.

Mbongo wa Kypseli

Ada ni halali, ni ya serikali. Tangu 2025, kuanzia Aprili mpaka Oktoba, hoteli ya nyota tatu ni yuro 5 kwa chumba kwa usiku, na fleti za kukodi kwa siku ni yuro 8. Ndiyo maana hoteli ndogo inaweza kuwa nafuu kuliko fleti.

Vitanda vya ufukweni si lazima. Fukwe za Ugiriki ni za umma, tandikeni mkeka wenu. Maji ya kunywa nunueni, chupa ya nusu lita kioski kwa kawaida ni senti 50.

Julai jua ni kali mno, nyuzi 35 si ajabu. Saa tano asubuhi mama awe kivulini, muitoe tena familia saa kumi na moja. Na pasipoti yake abebe hata kama ndege inatoka Ujerumani.

Mama Nuru (mleta mada)

Nimemsomea mama majibu yote. Amesema habari ya bahari isiyokupwa haiamini mpaka aione. Tumekubaliana: siku za mwanzo Tolo ili ashibe maji, kisha mbili za mwisho Nafplio, mtaa wa chini. Swali la mwisho, kutoka Tolo kwenda Nafplio na masanduku, basi lipo au ni teksi?

Mbongo wa Kypseli

Basi la KTEL lipo, na kiangazi yanapita mengi kwa siku. Masanduku yanaingia kwenye buti chini, mnasubiri dereva afungue. Siku ya kuhama ondokeni asubuhi, mchana linajaa watu wa ufukweni na mama atakosa kiti.