Bi mkubwa anakuja Ujerumani: nimlaze hoteli ya kale ndani ya ukuta Rothenburg au hoteli mpya ya karibu na stesheni?

Mmachame_Ughaibuni:
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri hasa mliopo Ujerumani au mliowahi kulala kwenye hizi hoteli za miji ya kale.

Mama yangu anakuja mwezi wa 6 Mungu akipenda. Ana miaka 71, goti la kulia linamsumbua tangu alipoteleza mgombani, kwenye tambarare anatembea vizuri tu ila ngazi anapanda moja moja huku kashika ukuta. Mimi nipo Nürnberg, nauguza wazee, nina chumba kimoja, nataka walau siku mbili tutoke nimpeleke mahali atakapopakumbuka. Nimefikiria Rothenburg ob der Tauber, ule mji ambao ukuta wake bado unauzunguka mpaka leo. Kanisa kuu la pale, St. Jakob, ni la Kilutheri, na mama ni Mlutheri wa Machame ambako wamisionari wa Leipzig walifika 1893. Zile nyimbo anazoimba alfajiri akiwasha moto nyingi zilitoka huku, na yeye hajawahi kukanyaga kanisa la huku hata siku moja.

Sasa nimeona hoteli ndani ya ukuta, nyumba ya karne ya 16, dari ya boriti nyeusi, dirisha dogo linatazama uchochoro wa mawe. Nimeipenda kweli, ila chini kabisa wameandika hakuna lifti. Nyingine ipo nje ya ukuta jirani na stesheni, lifti ipo, bei nafuu, lakini ukifungua dirisha unaona maegesho ya magari. Nifanyeje?

Kibo_Kusini:
Mkuu goti la mzee halina majaribio. Chukua ya stesheni, mji mtautembelea mchana. Toka stesheni mpaka Marktplatz, uwanja wa katikati ya mji, ni dakika 10 hadi 15 kwa mguu.

DadaWaFranken:
Kibo hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Nimeenda Rothenburg mara tatu na ninachokwambia mdogo wangu ni kwamba ule mji mchana sio ule wa usiku, mchana watu wanashushwa na mabasi wanajazana Plönlein, ile njia panda maarufu, kupiga picha, ikifika jioni mabasi yanaondoka unabaki na wenyeji na waliolala ndani ya ukuta, unasikia mpaka viatu vyako kwenye mawe. Hicho ndicho unachokilipia ukilala ndani. Ukilala stesheni mama atakuwa amechoka saa 11 jioni mtarudi hotelini na uzuri wote utawapita.

Ila lifti sahau. Nyumba zile zinalindwa kisheria, mwenye hoteli hawezi kuamka akatoboa sakafu tatu bila kibali, na ngazi zake ni za mbao, nyembamba, zinapinda. Nilikolala mimi sakafu ilikuwa imelalia upande mmoja kabisa, niliweka chupa ya maji chini ikabingirika mpaka ukutani. Mlango wa bafu mfupi, mwambie mama ainame. Na kitanda cha watu wawili huku ni magodoro mawili yaliyosogezwa, kila mtu na duveti lake, kwa hiyo kama mtalala chumba kimoja hamtasumbuana.

Kuhusu St. Jakob kuna kitu lazima ukijue mapema. Ile altare maarufu ya Damu Takatifu aliyochonga Tilman Riemenschneider, kazi ya mwanzoni mwa miaka ya 1500, haipo chini, ipo kwenye roshani ya magharibi na inapandiwa ngazi. Karamu ya Mwisho yote imechongwa kwenye mbao, haikupakwa rangi, mpaka mishipa ya mikono ya mitume unaiona, na aliyewekwa katikati ni Yuda. Kama goti likikubali siku hiyo mpandishe polepole. Likikataa basi kaeni chini mbele, altare kuu ya mwaka 1466 ipo hapo hapo na mama ataiona akiwa amekaa.

Mnara wa Rathaus, jumba la halmashauri ya mji, achana nao, ngazi 220. Mpeleke Burggarten, ni bustani, njia yake tambarare, bonde la Tauber lote lipo chini yenu.

Mpokeaji_Mkunazini:
Salaam. Mimi nipo Unguja, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya nyumba ya kale Mji Mkongwe, na kwetu pia ngazi ni mtihani, kwa hiyo naongea kama mtu wa upande wa pili wa meza.

Kaka usiandike "mama yangu ni mzee, naomba chumba kizuri". Mpokeaji akisoma hivyo atakupa chumba kizuri kweli, chenye mandhari, na mandhari ipo juu. Uliza kwa hesabu: kutoka barabarani mpaka kitandani kuna ngazi ngapi, ukihesabu na zile za mlangoni? Kuna kishikio upande gani, maana kama goti bovu ni la kulia anahitaji kujua mkono upi utashika. Bafu lina kizingiti? Kifungua kinywa kinaliwa ghorofa ya ngapi? Hilo la mwisho watu wanalisahau sana, mgeni anapata chumba cha chini halafu kila asubuhi anapanda ghorofa mbili kwenda kunywa chai. Waombe picha ya ngazi. Hoteli ya watu makini inapiga picha inakutumia siku hiyo hiyo.

Na chumba cha chini kwenye nyumba ya kale usikichukue kabla hujauliza unyevu. Nyumba za wafanyabiashara, iwe kwetu iwe huko, chini palikuwa dukani na ghalani, watu waliishi juu, ndio maana vyumba vya chini vinaweza kuwa na ubaridi wa ukuta hata kiangazi.

Baba_Zuhura:
Mimi niongeze moja. Mwaka juzi tulifika hoteli moja ya kale, mji mwingine sio huo, saa 2 usiku na watoto, tukakuta mlango umefungwa, mapokezi walishaondoka saa 12. Hoteli ndogo za familia nyingi ziko hivyo, walikuwa wameandika kwenye email kwamba ufunguo upo kwenye kisanduku chenye namba, na ile email iliingia kwenye spamu. Tulisimama nje dakika 40 mtoto analia baridi. Piga simu siku moja kabla, waambie saa ya kufika.

Halafu begi la magurudumu kwenye yale mawe ni adhabu, pandeni teksi toka stesheni. Kutoka Nürnberg mtabadili treni Ansbach na Steinach, chukua Bayern-Ticket moja, tiketi ya siku nzima ya treni za ndani ya jimbo la Bayern, inawatosha wote wawili, siku za kazi inaanza saa 3 asubuhi.

DadaWaFranken:
Na angalia isiwe wikiendi ya Pentekoste, kuna sikukuu ya Meistertrunk, mji unafurika.

Mmachame_Ughaibuni:
Wakuu nimerudi. Nimewaandikia wale wa ndani ya ukuta maswali ya Mpokeaji neno kwa neno. Asubuhi mwenye hoteli mwenyewe kanijibu, kanitumia picha nne. Chumba alichotaka kunipa kina ngazi 31. Ila kasema kipo kingine upande wa uani, ngazi 3 za mlangoni basi, kishikio kipo kulia na kushoto, kifungua kinywa ni mlango wa pili. Dirisha halitazami uchochoro, linatazama ua wenye kisima. Nimemuuliza unyevu, kasema ukuta wa nyuma ni wa mawe na huwa wa baridi, ataweka hita hata kama ni Juni. Nimependa alivyosema ukweli, nimeshalipia usiku mbili, Ijumaa na Jumamosi.

Nimempigia mama nikamwonyesha picha. Dari hakuiangalia sana, kaniuliza Jumapili ibada ni saa ngapi na kama atakaa karibu na kinanda.

DadaWaFranken:
Ratiba ya ibada huwa inabandikwa mlangoni, mkifika Ijumaa pitieni muisome. Na mwambie abebe kanga nzito au shali, ndani ya yale makanisa ya mawe kuna baridi hata jua likiwaka.