Makocha wa mpira wa meza, acheni kutufujia taimauti!

Ndugu zangu, nimerudi Tororo usiku huu kutoka Kampala na hasira haijaniisha, mnivumilie.

Mpira wa meza una taimauti, yaani kusimamisha mchezo kidogo ili mshauriane, moja tu kwa mchezaji kwa mechi nzima. Moja! Dakika 1, basi. Wenzetu wa raketiboli, ule mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi, gemu ya pointi 15, wanazo 3 za sekunde 30 katika kila gemu. Sisi tuna hiyo moja, na kocha wetu kaitumia kwenye seti ya kwanza nikiwa nyuma 7-1. Nilimtikisia kichwa. Akaonyesha ile T ya mikono, refa akainua kadi nyeupe, ikawa imekwenda. Kwenye mashindano ya timu mkibishana, kauli ya mwisho ni ya kapteni, na kapteni wetu ndiye yeye.

Mnajua aliniambia nini? "Kunja magoti." Tangu 2016 kocha anaruhusiwa kushauri kati ya pointi na pointi, mradi asicheleweshe mchezo. Hayo magoti angeyasema akiwa kwenye kiti chake! Na seti nikafungwa 11-3.

Seti ya tano naongoza 8-4, nimejifuta jasho. Jamaa niliyecheza naye akabadilisha sevu, ule mpira wa kuanzisha pointi: fupi, imekatwa chini, inadondoka karibu kabisa na wavu. Ya kwanza nikaitia wavuni. Ya pili ikanirukia juu, akaimaliza. Sevu zangu mbili nikazipoteza kwa papara. 8-8. Hapo ndipo dakika 1 inapookoa mechi: unamvunjia mwenzako kasi, unauliza ile sevu inarudishwaje. Nikageukia benchi. Kocha ananitazama tu, hana la kufanya. Hata taulo huruhusiwi, ni kila baada ya pointi 6. Nilipolifikia anaongoza 10-8, kiganja kimelowa mpaka raketi inateleza. 11-8, kwaheri.

Halafu ndani ya basi ananiambia eti nimekosa utulivu. Kocha, dakika ya kutulia uliimaliza wewe!

Na si mimi tu. Dada mmoja wa timu yetu alikuwa amefunga pointi tano mfululizo, kocha akasimamisha mchezo "ampe moyo". Aliporudi mezani mkono umeshapoa.

Mwezi ujao tunacheza tena. Nimemwandikia kwamba kabla ya seti ya nne asiombe taimauti bila mimi kukubali. Ameusoma ujumbe, hajajibu. Wachezaji wenzangu, ninyi makocha wenu mmewabana vipi?