Mjadala: Msafara wa Lewis na Clark ulivushwa na maandalizi yao au na wenyeji?

Ramani: Rais Jefferson wa Marekani aliwatuma maofisa wa jeshi Lewis na Clark watafute njia ya maji hadi Pasifiki. Kati ya 1804 na 1806 walifiwa na mtu mmoja tu, Sajenti Floyd, tena kwa maradhi. Mimi sifa nawapa wenyeji, Washoshone na Nez Perce. Bila farasi 29 walionunua kwa Washoshone, mizigo ingebaki chini ya Milima ya Rocky. Lewis na mashua yake ya mataruma ya chuma yaliyovikwa ngozi hakuonyesha ufundi wowote.

Nahodha: Hapo kwenye mashua unamwonea mtu. Mataruma yalitengenezwa Harpers Ferry, futi 36, yanafunguka vipande vipande. Wazo lilikuwa zuri: unabeba chuma, ngozi unawinda mbele ya safari. Kilichomwangusha ni ukosefu wa msonobari pale Great Falls, kwenye maporomoko ya mto Missouri. Bila utomvu wake, utakalafati kwa nini?

Tezo: Msonobari ni nusu tu ya habari. Ngozi 28 za elki, wale kulungu wakubwa, na 4 za nyati zilishonwa kwa sindano zenye makali, na tundu likawa pana kuliko uzi. Zilipokauka kwa moto matundu yakazidi kuachama. Akapaka mkaa, nta na shahamu. Mwanzoni mwa Julai 1805 ikaelea vizuri, upepo ukavuma, na jioni mchanganyiko wote umebanduka.

Nahodha: Ni tarehe 9. Na mbona unaruka ngozi za nyati? Zile zilizoachiwa manyoya mafupi zilishika ule mchanganyiko vizuri. Kosa ni kunyoa ngozi za elki, wazo halina kosa.

Tezo: Kiongozi aliyebeba chuma tangu mashariki bila kujaribu mshono hata mmoja, wewe unamtetea kwa manyoya! Clark ndiye aliyepanda mto akatafuta miti, wakachonga mitumbwi miwili. Hadi 15 Julai ndipo wakaondoka, na kiangazi kinawaishia.

Bi Mwanahawa: Wanangu, ugomvi wa mshono umewasahaulisha maili 18 za nchi kavu walizovuta mizigo kuyazunguka maporomoko. Magurudumu ya mikokoteni yalikatwa kwenye gogo la mpopla, ekseli kwenye mlingoti mkuukuu, zikavunjika njiani. Miiba ya mpungate ilipenya viatu hadi wakavitia soli mbili. Waliovuta ni askari, pamoja na York, mtumwa wa Clark. Hao hamuwataji.

Ramani: Bi Mwanahawa, shikamoo. York ninamheshimu, ila swali langu lilikuwa wenyeji.

Tezo: Basi chukua hili, maana Nahodha hatalitaja. Walipotelemka milima ya Bitterroot Septemba, wamekula hadi wana-farasi wao, kisha samaki na mizizi ya mmea uitwao camas waliyopewa na Nez Perce ikawaharibu matumbo. Kwa udhaifu, shoka hazishikiki. Wakachoma magogo kwa ndani kama wenyeji wafanyavyo: moto unakula kiini, wao wanakwangua. Mitumbwi mitano ikaingia mtoni 7 Oktoba, na farasi 38 wakaachiwa Nez Perce wawatunze.

Nahodha: Ile ilikuwa misonobari, Tezo! Mti ule ule aliouhitaji Lewis. Angeupata Great Falls, mashua ingefika.

Tezo: Ingefika wapi, na mbele ni milima? Ungeipandishaje kipito cha mlimani cha Lemhi?